Nyaya za Kona Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeshtakiwa leo, ndani ya nyumba ya baba yangu mzazi. Kosa: nyaya. Mshtaki: Shemeji, mume wa Dada, fundi umeme mwenye cheti alichokitia fremu na kukitundika sebuleni mahali ambapo watu wengine huweka picha ya harusi. Ushahidi: fimbo ya Baba, iliyonasa kwenye waya wa spika yangu saa moja asubuhi.

Baba hakuanguka. Naandika hili wazi. Alishika meza, meza ikayumba, kibodi yangu ikaenda chini na vitufe vitatu vikakimbilia uvunguni mwa kabati. Kati ya Baba na kibodi, aliyeumia ni kibodi. Hakuna aliyeijulia hali.

Dada akasema nina miaka thelathini na minane na bado naishi kama panya ndani ya kapu la sufi. Shemeji akapiga magoti, akachungulia chini ya meza, akaguna. Ekstensheni imechomekwa kwenye ekstensheni, na hiyo kwenye ekstensheni ya tatu. Adapta nane, zimelaliana kama vifaranga. Akagusa moja, akauondoa mkono haraka. Akasema hii si kona ya gemu, ni moto unaosubiri siku yake.

Hukumu: Jumapili saa sita mchana atakagua. Akiona waya sakafuni, kompyuta, skrini, usukani wa gemu na kiti changu cha magurudumu vyote vinahamia stoo, vikakae na ndoo.

Nikataka kujitetea. Baba akaanza kukohoa. Nikaacha, maana kifua cha Baba kikianza hujui kitaishia wapi.

Jumanne, 4 Machi

Nimetoka zamu ya kukata tiketi kwenye maegesho ya magari, nikaja moja kwa moja kukagua uwanja wa vita. Hali ni mbaya. Kona yangu ina soketi moja ya kizamani, imelegea kama jino la mtoto. Hatua nne kutoka hapo, nyuma ya kiti cha Baba, ziko soketi mbili mpya, nyeupe, za kuvutia. Shemeji aliziweka mwaka jana Baba alipoanza kuumwa. Moja ni ya mashine ya mvuke, ile ndogo ya kumfungulia Baba pumzi. Ya pili haina kitu. Tupu! Imekaa bure kama kiwanja cha mtu aliyehamia nje. Amri ya Shemeji: hakuna mtu kuchomeka chochote pale, hata chaja ya simu. Roho mbaya tu.

Nikamwomba Baba ushauri, kwa heshima. Baba alikuwa fundi cherehani miaka arobaini. Akasema nyuzi zikisokotana hazivutwi wala hazifichwi. Unatafuta kichwa cha uzi mmoja, unaufuata mpaka mwisho wake, ndipo unashika wa pili. Nikauliza inachukua muda gani. Akasema siku nzima, ukiwa na subira.

Siku nzima! Nina mashindano ya magari saa kumi na moja, na timu yangu inanitegemea.

Nimefikiri vizuri. Tatizo si nyaya. Tatizo ni macho ya Shemeji. Kisichoonekana hakina kesi.

Jumatano, 5 Machi

Kazi imeanza. Nimepekua droo ya cherehani ya Baba nikapata lastiki ya kiunoni, mviringo mzima. Nimeikata vipande, nikafunga nyaya mafungu mafungu. Zimekaa kama soseji. Nimepata pia sanduku la mbao alilokuwa akiwekea vitambaa. Adapta zote nane zimeingia humo, na ekstensheni yake. Kifuniko juu. Nimetoboa tundu moja la kupitishia nyaya. Moja tu, ili pasionekane fujo.

Kisha akili kubwa: namba. Nimechukua plasta ya vidonda kwenye dawa za Baba, nimeikata vibandiko, nikaandika kwa kalamu: 1 adapta ya skrini, 1 kwenye waya wa skrini, na kuendelea. Mtu akichomoa kitu, anajua pa kukirudisha. Shemeji mwenye cheti hajawahi kufikiria jambo kama hili.

Dada amepita, akauliza plasta ya Baba imekwenda wapi. Nikasema nilijikata. Akauliza wapi. Nikasema rohoni. Hakucheka.

Ijumaa, 7 Machi

Sanduku lina joto. Ukiweka kiganja juu ya kifuniko unaweza kudhani kuna mkate ndani. Nimelisogeza nyuma ya pazia ili joto lake lisimsumbue mtu.

Soketi ya zamani imeanza kutoa cheche kila nikichomeka. Huu ni ushahidi kwamba nastahili ile nyeupe.

Jumamosi, 8 Machi

Siku kubwa. Dada yuko kazini kwenye jiko la shule, Shemeji yuko kwenye jengo anakopitisha nyaya, Baba kwenye kiti chake amefumba macho. Nimepitisha ekstensheni yangu chini ya ukingo wa zulia, nyuma ya kiti cha Baba, mpaka kwenye soketi nyeupe. Imeingia! Imekaa imara, bila hata cheche. Karibu nilie.

Ila adapta ya mashine ya Baba ilikuwa inaning'inia pale ukutani kama popo. Inaharibu sura ya chumba kizima. Nikaichomoa, nikaiweka sandukuni na wenzake. Umeme ni ule ule. Waya wake nikaurudisha kwa njia ile ile mpaka kwenye kigoda cha mashine. Safi.

Kisha msiba mdogo. Nilikuwa nimezichomoa nyaya zote ili wa Baba upite kwenye lile tundu moja, na nilipotaka kuzirudisha naona plasta zimeyeyuka kwa joto. Gundi imechuruzika, wino umekuwa mabaka ya buluu. Nyaya tisa, adapta tisa, na hakuna namba hata moja inayosomeka. Adapta zenyewe zote nyeusi, zote za mraba, zimeandikwa maandishi madogo kuliko miguu ya chawa. Saa kumi na nusu, na mashindano yanaanza kumi na moja.

Nikachomeka kwa kufuata umbo. Kinachoingia ndicho chake, kisichoingia si chake. Vyote vikaingia! Taa zote zikawaka, hata taa ya mashine ya Baba. Dakika kumi na mbili. Baba angetumia siku nzima.

Skrini inapepesa kidogo. Uzee.

Jumapili, 9 Machi

USHINDI.

Saa sita kamili Shemeji akaja na tochi. Akatazama chini ya meza. Sakafu nyeupe. Akatazama juu ya meza. Mafungu manne ya lastiki, yamenyooka kama askari wa gwaride. Akauliza adapta ziko wapi. Nikamwonyesha kwa mbali sanduku, ambalo asubuhi nililitoa nyuma ya pazia. Dada alikuwa amekwisha kulikalia. Mimi ndiye niliyemkaribisha pale, nikampa na mto.

Akageukia kiti cha Baba. Lakini nilikuwa nimepiga hesabu zangu: ili uzione soketi zile, sharti umwinue mzee mgonjwa, na Shemeji kwa ubaya wake wote hana moyo huo. Akasimama, akamtazama Baba, akamuuliza kifua kinaendeleaje. Baba akasema siku tatu hizi ni nafuu, mashine hajaigusa. Baba alinitazama mimi alipokuwa akisema hivyo. Sikujua kwa nini.

Shemeji akanipa mkono. Akasema hakutegemea. Dada akasema kumbe nikiamua naweza. Nilikula mara mbili.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali.

Saa kumi na moja na robo. Mimi na Baba tu nyumbani. Niko mzunguko wa tatu, nafasi ya pili, aliye mbele yangu ameteleza. Nikasikia Baba anagonga mkono wa kiti. Mara moja, mara mbili. Nikasema nakuja Baba. Nikamaliza kona. Ilikuwa sekunde nane. Labda ishirini.

Nilipogeuka midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Akaonyesha mashine kwa kidole. Nikamimina dawa kwenye kikombe chake, nikamvalisha kinyago, nikawasha. Mashine ikanguruma, lakini si mngurumo wake. Ilikuwa kama pikipiki inayopandishwa mlima. Baba akavuta pumzi mbili. Halafu harufu ya plastiki inayoungua, moshi mwembamba, na kimya.

Nikawasha tena. Kimya. Nikaipiga kofi. Kimya. Baba alikuwa amenishika shati, anavuta hewa tu na hewa haiji.

Nilitoka mbio bila viatu. Jirani yetu wa mlango wa pili ni dereva wa teksi. Alikuwa anaosha gari. Tulimbeba Baba na kiti chake mpaka nje. Uzito wake ulikuwa mdogo sana. Hicho ndicho kilichoniogopesha zaidi.

Muuguzi amesema yuko hai. Amesema tumewahi, lakini si kwa sana. Dada amefika na aproni ya jikoni. Ameniuliza nini kimetokea. Nimesema mashine imekufa. Ni kweli. Imekufa.

Jumanne, 11 Machi

Dada alinituma nyumbani asubuhi kuchukua blanketi la Baba. Nilipita karibu na sanduku. Sikutaka kulifungua. Nikalifungua.

Nikatoa kioo cha kusomea cha Baba, nikasoma yale maandishi madogo. Adapta iliyokuwa kwenye waya wa mashine: volti kumi na tisa. Mgongoni mwa mashine ya Baba pameandikwa volti kumi na mbili. Nikafuata waya wa skrini kutoka mwanzo mpaka mwisho, pole pole. Ukaniongoza kwenye adapta ya volti kumi na mbili. Ya Baba.

Nikazibadilisha. Skrini ikaacha kupepesa. Picha ikatulia, safi kabisa, rangi zote mahali pake.

Nikakaa sakafuni. Sijui nilikaa muda gani.

Halafu akili ikarudi kazini. Ekstensheni yangu nikaichomoa kwenye soketi nyeupe, nikairudisha kwenye ile mbovu. Adapta ya Baba nikaitundika ukutani kama zamani. Nikarudi hospitali bila blanketi. Ikabidi niende tena.

Jumatano, 12 Machi

Shemeji ameifungua mashine mezani, juu ya gazeti. Ndani imeungua, kipande kimoja kimekuwa cheusi kama mkaa. Akasema kitu pekee kinachofanya hivi ni umeme kupita kiasi. Akachukua adapta ya Baba, akaipima. Nzima. Akapima soketi. Nzima. Akapima mara ya pili na ya tatu. Uso wake ulikuwa unabadilika kila mara namba ileile ilipotokea.

Dada akauliza, taratibu, ni nani aliyeweka soketi zile.

Hapa nilikuwa na nafasi. Nakiri. Sentensi ilikuwa mdomoni, imesimama mlangoni kabisa. Iliyotoka ikawa nyingine. Nilisema mimi mwenyewe soketi zile sikuziamini tangu mwanzo, na ndiyo maana sikuwahi kuzigusa.

Shemeji aliketi, akaitazama mikono yake yote miwili, juu na chini, kama mtu anayetafuta mwiba.

Alhamisi, 13 Machi

Shemeji hakwenda kazini. Ameng'oa soketi zote mbili. Amebomoa ukuta kufuata bomba la nyaya mpaka kwenye swichi kuu. Anatafuta kosa. Vumbi limejaa sebule nzima. Nimefunika kompyuta yangu kwa shuka.

Mchana nilimpelekea chai. Akasema, bila kugeuka: “Shemeji, miaka kumi na saba nafanya kazi hii. Sijawahi kumdhuru mtu.”

Nikasema pole. Nikamwuliza kama ataongeza sukari.

Ijumaa, 14 Machi

Zamu yangu ya kukaa na Baba. Ana mrija puani. Amekonda uso, amebaki macho. Nilimsimulia habari za maegesho ya magari, gari lililokwama kwenye kizuizi, tiketi zilizoloa. Akanyanyua kidole.

“Jumamosi sikuwa nimelala,” akasema. “Nilikuona ulivyouchomoa waya wangu.”

Nilitazama dirisha. Nilisema labda alikuwa anaota, dawa zile zinaotesha.

Akapumzika. Alikuwa anasema maneno matatu, anapumzika. Akasema Jumapili alidhani nimeupanga vizuri, akanisitiri. Hilo ni kosa lake, naye anajilaumu. Lakini sasa mume wa mtu anabomoa ukuta usio na hatia. “Nikilisema mimi, umekamatwa. Ukilisema wewe, umesema. Nataka useme. Kabla sijatoka hapa.”

Nikaahidi. Nilimshika mkono na nikaahidi kwa moyo wangu wote. Nililia hata. Muuguzi alinipa pamba.

Jumamosi, 15 Machi

Nimejaribu mara nne.

Ya kwanza, Shemeji alikuwa anakula. Si vizuri kumharibia mtu chakula. Ya pili, alikuwa hali; si vizuri kumwongezea mtu njaa. Ya tatu nilifika mpaka “Shemeji, ile siku”, akageuka akanitazama kwa macho mekundu, nikamwuliza ile siku tulinunua wapi balbu. Ya nne nilisimama mlangoni mwao. Nikasikia Dada ndani anasema hamlaumu, anaogopa tu. Nikarudi.

Kisha nikapata njia. Ni ya kiungwana. Inasema ukweli na haimwumizi mtu, hasa mimi. Nimeandika karatasi kwa herufi kubwa, kwa mkono wa kushoto: KOSA SI LA SOKETI WALA LA FUNDI. NI MIMI NINAYEJUA. Bila jina. Nimeipenyeza chini ya mlango wao. Mzigo umetua.

Jumapili, 16 Machi

Mzigo umepanda gari jingine.

Dada ndiye aliyeiokota. Ameitazama ile miandiko ya kupinda na kujikunja, na katika nyumba hii mwenye mwandiko mbaya ni mmoja, fundi asiyeshika kalamu ila penseli ya kuchorea ukuta. Amedhani Shemeji amejiandikia mwenyewe. Amemwambia kukosea angemsamehe, kila mtu hukosea, lakini mtu mzima kujiandikia barua ya kujitakasa, na baba yake amelala na mrija puani!

Shemeji akasema hajaandika chochote. Akaapa. Dada akamwuliza basi kaandika nani, paka? Wakanigeukia mimi. Nikasema mimi naandika kwa mkono wa kulia. Ni kweli pia.

Jioni Shemeji ametia nguo zake kwenye mfuko wa vifaa, pamoja na bisibisi. Amesema atakaa kwenye chumba kilicho nyuma ya karakana ya kazini kwao mpaka Dada amalize hasira. Amekitoa cheti ukutani. Mlangoni amenishika bega, akaniambia niwaangalie, na nisiwaache watumie soketi yoyote mpaka fundi mwingine aje. Fundi mwingine. Alisema hivyo, mwenyewe.

Nimeingia bafuni, nikafungua bomba, nikakaa kwenye ukingo wa ndoo mpaka ikafurika.

Jumatano, 19 Machi

Baba ametolewa, lakini harudi hapa. Dada amekataa kumlaza tena kwenye nyumba yenye ukuta ulio wazi na umeme usioeleweka. Wanakwenda kwa Shangazi, dada yake Baba, upande wa pili wa mji. Dada atakaa naye huko.

Nilikwenda kuwasindikiza hospitalini. Nilimsaidia Baba kuingia kwenye teksi. Dada alipotaka kufunga mlango Baba akauzuia kwa fimbo. Akasema ngoja, anasubiri mtu aseme neno.

Dereva akazima injini. Tukasimama. Baba akanitazama. Nilikuwa na kifurushi cha dawa mikononi, nikakigeuza, nikasoma tarehe ya kuisha. Mtu aliyekuwa nyuma yetu akapiga honi.

Dada akadhani Baba anataka dua. Akainamisha kichwa, akaomba vizuri sana, afya na subira na umoja wa nyumba. Mimi ndiye niliyeitikia amina kwa sauti kuliko wote.

Baba akaondoa fimbo. Mlango ukafungwa.

Ijumaa, 21 Machi

Nyumba iko kimya. Nimesogeza meza yangu mahali palipokuwa kiti cha Baba, karibu na dirisha; mwanga ni mzuri zaidi. Nimezungumza na Shemeji kwa simu. Hajarudi kazini. Amesema akishika waya mkono unamtetemeka, na fundi anayetetemeka ni marehemu. Nikamwambia ajipe muda. Nadhani nilimfariji.

Kisha Dada akapiga. Baba amenunuliwa mashine mpya. Tatizo ni sebule ya Shangazi: televisheni, ruta, redio, chaja za wajukuu, nyaya kila mahali, na Baba anapita hapo na fimbo. Dada hataki hata kumsikia fundi. Akasema alikuwa akifikiri kuhusu kona yangu, jinsi ilivyokuwa safi ile Jumapili. Je, naweza kuja kuwapangia?

Nyuma yake nilimsikia Baba akiita na kukohoa, akiita tena, fimbo inagonga sakafu. Dada akasema umesikia, amefurahi.

Nimekubali. Nakwenda kesho asubuhi, kabla ya mashindano. Kwa kweli nilihitaji jambo kama hili. Mtu akikosea lazima atafute njia ya kulipia. Nimeshachora ramani. Adapta zote, na ya mashine mpya ikiwemo, ndani ya kabati la Shangazi la vyombo, nyuma ya sahani. Hazitaonekana kabisa. Na safari hii vibandiko nimeviandika kwa wino mzito usiofutika, wa kijani.